Vipande Kumi na Vitatu Juu ya Kitambaa Cheupe

Jumanne, tarehe 14 Januari 1958, saa mbili kasorobo asubuhi, watu tisa walipanda lori mjini Bwera kwa safari ya Kasese. Mbele walikaa watatu: Faruku, dereva na fundi wa lori hilo, mkewe, Mayimuna, na binti yao wa pekee, Rehemah, mwenye umri wa miaka kumi na minane. Nyuma, juu ya magunia ya kahawa, walikaa sita: Yonasani, mchimba shaba aliyekuwa akirejea kazini Kilembe baada ya likizo, Bibi Yayeri, mjane aliyekuwa akienda Bulembia kumwona mjukuu mchanga, akiwa na kuku wawili na kibuyu cha maji, na wachuuzi wanne wa samaki wakavu, ambao walishikwa na usingizi kabla lori halijaondoka sokoni.

Rehemah alikuwa na barua. Chuo cha wakunga mjini Kampala kilimwarifu kwamba amepata nafasi, na kwamba alitakiwa kufika kabla ya saa sita mchana, Jumatano tarehe 15, akiwa na vitu vilivyoorodheshwa. Asipofika, nafasi hiyo angepewa mwombaji mwingine. Gari moshi la kwenda Kampala lingeondoka Kasese saa nane mchana siku hiyo ya Jumanne, na jingine lisingeondoka hadi Ijumaa. Mambo yalikuwa wazi kiasi hicho, na Faruku, aliyekuwa akipenda mambo yaliyo wazi, aliisoma barua hiyo mara nne bila kupata mahali pa kuipinga.

Faruku alikuwa mtu wa miaka arobaini na minane, mrefu, mwenye mikono mikubwa isiyotakata kamwe pembeni mwa kucha. Ufundi wake aliupata katika Keya, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, kwenye kikosi cha usafirishaji, wakati wa vita. Aliondoka nyumbani mwaka 1940, Rehemah akiwa na miezi saba, akarudi mwaka 1946. Kutoka jeshini alileta vitu vitatu: blanketi, sanduku la spana, na namna ya kufanya kazi. Hakufungua chombo chochote cha injini kabla ya kutandika kitambaa cheupe. Kila kipande kilichotoka alikiweka juu ya kitambaa, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa mpangilio wa kutoka kwake, huku akitaja namba kwa sauti. Wakati wa kurudisha alianza kushoto, akahesabu kinyumenyume hadi kufika moja. Kabureta ya lori lile ilikuwa na vipande kumi na vitatu. Watu wa Bwera waliopita karibu na karakana yake waliizoea sauti hiyo, kama walivyoizoea ile ya kinu cha jirani.

Namba hizo ndizo zilizomrudishia binti yake. Aliporudi kutoka vitani, mtoto hakumjua. Kila alipomwona alikimbia na kujificha nyuma ya mama yake, na Faruku, ambaye wakati wote alipokuwa Seiloni na Burma alibeba mfukoni uzi wa nguo ya mtoto huyo, hakujua la kufanya. Siku ya nne alikuwa uani akifungua kabureta ya mtu. Mtoto alisogea, akachuchumaa upande wa pili wa kitambaa. Faruku hakumwita wala hakumtazama. Aliweka skrubu akasema, "Moja." Akaendelea hivyo, taratibu, hadi saba. Aliponyanyua kipande kilichofuata, kabla hajafumbua mdomo, mtoto akasema, "Nane." Tangu siku hiyo walihesabu pamoja.

Lori lilivuka daraja la Nyamugasani vizuri. Saa nne na dakika kumi, mwendo wa maili mbili hivi kutoka darajani, injini ilianza kukohoa. Faruku alikanyaga mafuta. Lori likaruka kidogo mbele, likapoteza nguvu, likasimama katikati ya barabara.

Yonasani alichungulia kutoka juu ya magunia. "Fundi, hii gari iko mgonjwa ama iko na usingizi?"

"Inakusubiri wewe ushuke usukume," Faruku alisema.

"Mimi nasukuma mawe mwezi mzima huko Kilembe. Leo bado likizo."

Faruku aliinua boneti. Cheche zilikuwapo, petroli ilifika kwenye kabureta, basi tatizo lilikuwa ndani ya kabureta yenyewe. Alitandika kitambaa juu ya jiwe bapa. Alifunga bomba la petroli, akatoa kichujio cha hewa, akafungua paipu ya petroli, akachomoa waya wa choki, kisha akaitenganisha kabureta na ule mkono unaovutwa na pedali ya mafuta ili kufungua na kufunga kilango cha hewa. Mwisho alilegeza nati mbili za chini, moja kidogo na nyingine kidogo kwa zamu, ili kitako kisipinde, akaiinua kabureta wima kwa mikono miwili. Kabla ya jambo lingine lolote aliuziba mdomo wa injini kwa tambara safi, maana nati ikitumbukia humo, safari huwa imekwisha.

Alihesabu kama kawaida yake. Lakini alihesabu polepole. Kazi ambayo kwa kawaida aliimaliza kabla maji ya chai hayajachemka ilimchukua zaidi ya saa nzima. Alipofika tisa aliweka kipande chini, akatazama mlimani, kisha akanyanyua kinachofuata akasema tena, "Tisa." Ndani ya lori, Rehemah aliinua uso, akamwangalia kupitia kioo, akauinamisha tena.

Faruku mwenyewe aliliona jambo hilo. Aliiona mikono yake ikikisugua kipande ambacho kilikuwa tayari safi. Wazo lilikuwa limemjia na kuketi bila kukaribishwa: gari moshi likiondoka, hakuna atakayeweza kumlaumu mtu. Magari huharibika. Binti atarudi nyumbani, atalia siku mbili, atapona. Aliona aibu kwa wazo hilo, lakini hakulifukuza upesi.

Katika kitundu cha jeti, kile kinachopitisha petroli, alikuta ukoko mweupe. Aliudhania kuwa ni kutu nyeupe inayoota ndani ya kabureta kuukuu. Aliuosha kwa petroli, akapuliza kwa mdomo, akaona mwanga upande wa pili. Alirudisha vyote, kumi na tatu hadi moja, na injini ikawaka. Bibi Yayeri alimshukuru Mungu, na kuku wake wakapiga kelele.

Saa sita na dakika ishirini, katika uwanda wa Kikorongo, lori lilisimama tena.

Hapakuwa na mti wa karibu. Nyasi zilikuwa kavu na fupi, na mbali, upande wa ziwa, nyati walikuwa wamelala kama mawe meusi. Wachuuzi waliamka, wakauliza kama wamefika Kasese, wakaambiwa bado, wakalala. Faruku aliitazama saa yake ya mkononi. Kutoka hapo hadi stesheni zilikuwa dakika arobaini, kama lori lingekwenda. Nayo saa nane ilikuwa imebakiza saa moja na dakika arobaini.

Alishuka. Alipotandika kitambaa, Rehemah alikuwa ameshuka pia, amekunja mikono ya gauni lake jipya la safari.

"Utajichafua," baba alimwambia.

"Wewe fungua, Baba. Mimi nitapanga."

"Gauni hilo mama yako amelishona wiki mbili."

"Anaona. Hajasema kitu."

Mayimuna, aliyekuwa amesimama kwenye kivuli kidogo cha lori, alisema, "Fungua, Baba Rehemah. Jua halitungoji."

Basi alifungua, na binti akapokea. "Moja," alisema Rehemah. "Mbili." Safari hii mikono ya Faruku ilikwenda kasi, kwa kuwa sauti iliyohesabu haikuwa yake na hakuwa na uwezo wa kuichelewesha. Walipofika tisa, binti alisema tisa mara moja tu, akamtazama baba yake, na baba akayahamisha macho. Walimaliza kumi na tatu kabla ya Yonasani kumaliza kuvuta sigara yake, ambayo alikuwa ameamriwa akaivutie mbali, hatua hamsini kutoka hapo.

Jeti ilikuwa imeziba tena, na katika bakuli la kabureta, chini kabisa, palikuwa na chembe nyeupe nyingi kuliko za asubuhi. Faruku alilimwagia bakuli petroli, akalitikisa. Chembe zilizunguka, zikatulia palepale. Aliipuliza jeti hadi masikio yakamlia. Safari hii mwanga haukuonekana.

"Kutu hii ni ya ajabu," alisema.

Mayimuna alisogea. Alikuwa mwanamke mfupi, mnyamavu, aliyezaliwa Katwe kando ya ziwa la chumvi, na hadi siku hiyo aliuza chumvi katika soko la Bwera. Tangu utotoni alikuwa amesimama ndani ya maji ya chumvi hadi magotini, na miguu yake ilikuwa na makovu madogo ya kazi hiyo. Aliinama juu ya kitambaa, akachukua chembe moja kwa ncha ya kidole, akaiweka ulimini.

"Mama Rehemah, unakula gari?"

"Ni chumvi," alisema Mayimuna.

"Haiwezekani."

"Ni chumvi ya kwetu. Naijua kama ninavyoijua sauti yako. Onja."

"Fundi haonji gari."

"Sisi Kilembe naonja mawe," alisema Yonasani, aliyekuwa amerudi. "Mzungu anaandika, sisi naonja. Onja, afande."

Faruku alionja. Aligusisha ulimi kwenye kaakaa. Kisha aliinuka, akaenda kwenye lori, akavuta debe tupu lililokuwa chini ya kiti. Alilizungusha mikononi pande zote nne, polepole.

Nyumbani kwake palikuwa na madebe mawili kando ya ukuta wa jiko. Moja lilikuwa la petroli. Jingine Mayimuna alilichotea maji ya chumvi. Ili yasije yakachanganywa, Faruku mwenyewe alikuwa amelipaka lile la petroli alama nyekundu, upana wa vidole vitatu, na kwa miaka kumi na miwili hakukosea hata mara moja. Debe lililokuwa mikononi mwake halikuwa na alama. Ndani, penye pembe za chini, ukoko wa chumvi ulikuwa umebanduka vipande vipande.

Alikumbuka vizuri. Jana jioni alikuwa akichota petroli kwenye pipa la Kasim, tajiri mwenye lori, lililowekwa hapo nyumbani, kuijaza katika debe. Rehemah alikuwa mlangoni akijaribu viatu vyake vipya, akitembea hatua nne mbele na nne nyuma, huku mama yake akimcheka. Faruku alikuwa akiitazama miguu ile. Debe hakulitazama.

Alirudi mbele ya lori na kuliweka debe chini, mahali ambapo kila mtu angeliona.

"Kosa ni langu," alisema, akiwa amesimama wima kama mtu anayetoa ripoti. "Jana nilitia petroli katika debe la chumvi, na leo asubuhi nikaimimina tankini. Lori halina kosa."

Hakuna aliyecheka. Hata Yonasani alijishughulisha na kamba ya viatu vyake. Rehemah, ambaye bado alikuwa amechuchumaa kando ya kitambaa, alisema kwa sauti ya chini, iliyowafikia wazazi wake tu, "Asubuhi ulihesabu tisa mara mbili, Baba."

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

Faruku alichuchumaa upande wa pili wa kitambaa. "Mikono yangu ilikuwa haitaki uende," alisema. "Mimi nataka. Mikono ndiyo iliyokuwa haitaki."

"Basi iambie mimi sina neno nayo," alisema Rehemah. "Lakini ifanye kazi. Gari moshi ni saa nane."

Mayimuna hakungoja zaidi. "Petroli haiyeyushi chumvi, Baba Rehemah. Utaiosha mpaka kesho. Maji ndiyo yanayoiyeyusha, tena maji ya moto."

"Maji? Ndani ya kabureta?"

Katika Keya, askari aliyekutwa na tone la maji ndani ya kabureta alipewa siku saba za kazi ngumu. Sajenti wao alikuwa akiyataja maji kama mtu anavyomtaja adui, na Faruku aliishika amri hiyo kuliko amri nyingine zote; mafundi wote aliowafundisha Bwera walianza kwa kuikariri. Sasa mkewe alimtaka aivunje mbele ya watu, katikati ya uwanda, kwa kabureta ya mali ya mtu mwingine. Alimtazama. Mayimuna aliyarudisha macho hayo bila kupepesa, kama alivyowatazama wanunuzi waliotaka kumfundisha bei ya chumvi.

"Nani ana maji safi?" Faruku aliuliza.

Bibi Yayeri alikuwa tayari anateremsha kibuyu chake. "Kuku yangu imekunywa, mimi nimekunywa. Sasa gari nayo ikunywe. Shika, mwanangu. Huyu mutoto atafika."

Waliyapasha maji moto katika kikombe cha bati juu ya injini, ambayo ilikuwa bado haishikiki. Faruku alitumbukiza jeti ndani ya kikombe kwa mkono wake mwenyewe, na uso wake wakati huo ulikuwa wa mtu anayemzamisha ndugu. Alihesabu hadi mia. Alipoitoa na kuipuliza, pumzi ilipita bila kizuizi, na alipoielekeza juani, nukta ya mwanga ilisimama katikati ya kitundu. Waliosha bakuli kwa namna hiyohiyo, kisha vyote viwili wakavisuuza kwa petroli kutoka chupa ndogo iliyokuwa katika sanduku la spana, na kuvikausha.

Lakini chumvi ilikuwa bado tankini. Faruku alifungua kizibo cha chini, akaimwaga petroli ya chini kabisa, yenye mashapo yaliyokusanyika, hadi ilipotoka bila chembe. Iliyobaki ilitakiwa kuchujwa. Wachuuzi walitoa ndoo mbili, zilizonuka samaki lakini zilikuwa kavu. Kitambaa cha kuchujia ndicho kilichokosekana: tambara la fundi lilikuwa na grisi, na kanga ya Mayimuna ilikuwa nyepesi mno.

Rehemah alifungua sanduku lake. Katika orodha ya chuo palikuwa pameandikwa: shuka nyeupe, mbili. Alitoa moja, ikiwa bado na mikunjo ya dukani, akaikunja mara nne, akamkabidhi baba yake ncha mbili.

"Hiyo ni ya chuo," alisema Faruku.

"Bila hii hakuna chuo."

Waliishika wote watatu, baba, mama na binti, juu ya ndoo, na Yonasani akamimina. Petroli ilipita taratibu, na katikati ya shuka ikaachwa duara ya chembe nyeupe ambayo Mayimuna aliikung'uta chini kwa heshima, kama alivyofanya kwa chumvi yote. Kisha Faruku aliirudisha petroli tankini, akaanza kurudisha vipande. Rehemah alivitoa kutoka kushoto, akihesabu, kumi na tatu, kumi na mbili, kumi na moja. Hakuna namba iliyorudiwa. Ilikuwa saa saba na robo.

Injini iliwaka kwa jaribio la pili na haikuzimika tena. Njiani Faruku alikuwa akiisikiliza injini kwa mwili mzima. Mayimuna alikuwa ameushika mkono wa binti yake na kuuweka mapajani mwake. Waliingia stesheni ya Kasese saa nane kasoro dakika sita. Yonasani aliruka kabla lori halijasimama sawasawa, akalibeba sanduku kichwani, akakimbia nalo huku akiwaambia watu wampishe, kwamba amebeba mkunga.

Mayimuna alimkumbatia binti yake, akamfunga vizuri kilemba ambacho hakikuwa kimelegea. Faruku alisimama kando, mikono imejaa grisi, hajui aiweke wapi. Rehemah aliishika yote miwili, akaishika kwa nguvu, na grisi ikahamia katika viganja vyake.

"Shuka itakuwa inanuka petroli," alisema Faruku. "Ifue kwa sabuni, halafu uianike juani siku mbili."

"Nitaifua, Baba. Lakini si wiki ya kwanza."

Alipanda. Dirisha lake lilikuwa la tatu kutoka nyuma. Gari moshi lilipoanza kuvuta, Faruku alitembea kandokando yake, akasikia, kwa sauti ile aliyoijua tangu mwaka 1946, binti yake akihesabu nguzo za stesheni zilizokuwa zikipita: moja, mbili, tatu. Baba akaendelea naye hadi mwisho wa sakafu ya stesheni, ambapo nguzo zilikuwa saba. Namba nane Rehemah aliisema peke yake, kutoka dirishani.

Faruku aliendelea kufungua kabureta mjini Bwera kwa miaka mingi baada ya hapo. Kitambaa kilikuwa kilekile, na namba zilikuwa zilezile. Badiliko lilikuwa moja tu: ndani ya sanduku la spana, kando ya chupa ya petroli, palikuwa na chupa ya pili, ya maji safi, na Mayimuna ndiye aliyeijaza.

Watu tisa walitoka Bwera siku hiyo. Yonasani alipanda kwenda Kilembe. Bibi Yayeri alifika Bulembia na kuku wote wawili. Wachuuzi wanne walibaki soko la Kasese. Rehemah alikwenda Kampala, akafika chuoni Jumatano saa nne asubuhi. Waliorudi Bwera walikuwa wawili.